Kikapu cha Kitambaa Chekundu ni cha Nani?

Kisangani, dukani, mchana wa kabla ya safari yako

Sifa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga kwa shangazi zako, na mimi nimefunga ubao mmoja wa mlango na kuweka kiti katikati, ili wanafunzi wajue leo mashine haipokei kazi ya mtu. Kesho saa nne asubuhi ndege yako inaruka kutoka Bangboka. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya wanaume wa Kinshasa na ya kupiga simu kila Jumapili, shangazi zako watakupa yote, na watakayosahau leo watayakumbuka kesho uwanjani mbele ya abiria wote. Mimi nina jambo moja tu. Ninalo tangu kabla hujazaliwa. Nitaliandika hapa kwa mashine, nakala mbili, moja yako na moja yangu, na ukisoma mpaka chini utaelewa kwa nini mama yako hatoi kitu nakala moja, hata orodha ya chumvi na vitunguu.

Wiki tatu zilizopita uliingia humu mbio, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Ulikuwa umetoka kwenye mahojiano ya ile stage, mafunzo ya kazini kule Kinshasa, yale ya kwenye simu, uliyofanyia Bangboka kazini kwa papa yako kwa sababu kule mtandao haukatiki.

"Mama, bamenichukua! Miezi sita ya stage, na kama natumika vizuri batanipa contrat!"

Nikakukumbatia. Ukaendelea kusema bila kumeza mate.

"Na Directeur mwenyewe, ule mwenye kuchagua batu, iko mutu ya hapa kwetu! Alisoma hapa. Alituelezea hadisi ya bamama ya Barumbu. Eti walikuwa nafunga kitambaa nyekundu kwa kikapu ya samaki ya kwanza, kusudi mununuzi ajue iko qualité. Eti bale bamama balijua marque, alama ya biashara, mbele ya bazungu! Anaanza nayo kila mwaka, kwa stagiaires wote."

Nilikuwa nachapa ukurasa wa shukrani wa kijana mmoja wa uhasibu. Vidole vilisimama. Nilikuuliza jina la huyo Directeur, ukanitajia, nikasema hongera mwanangu, nikakupa pesa ukanunue soda. Kisha nikarudi kwenye mashine, na yule kijana mpaka leo hajui kwa nini kazi yake inamshukuru Mungu mara tatu mfululizo.

Rigobert. Ninamchukia, Sifa. Nimetafuta neno la upole zaidi tangu siku ile na sikulipata, kwa hiyo chukua hilo hilo.

Tulisoma pamoja, biashara na uongozi, katika majengo yale yale uliyosomea wewe, wakati madirisha hayakuwa na vioo na kila mtu alikuja na kiti chake kutoka nyumbani. Vita ilikuwa imepita, mto ulikuwa umefunguliwa tena, na boti kubwa za mbao zilianza kupanda kutoka chini zikiwa na samaki. Wenzangu wengi walichukua mada za vitabuni kwa kazi ya mwisho. Mimi nilikwenda bandarini. Miezi mitano nilikaa na wanawake wa Barumbu, kule chini ya mto, waliokuja na samaki wa kukaushwa kwa moshi, nikaandika kwenye madaftari matatu ya shule nani anauza nini, nani anamshikia mwenzake nafasi, bei inapanda saa ngapi na inaanguka saa ngapi. Mmoja wao aliposema neno la maana, nilimwomba aweke dole gumba pembeni ya ukurasa, kwa wino wa mhuri niliouomba kwa karani. Walicheka mpaka wakakohoa. Mama Botile, aliyekuwa mkubwa wao, aliniita polisi ya samaki.

Rigobert hakufika bandarini hata siku moja, alisema harufu inamtia kichefuchefu. Lakini jioni alikuja kwetu tukisoma pamoja, na bibi yako alimpa sahani kabla ya kunipa mimi. Nilimpenda. Papa yako anajua, usishtuke. Nilimpenda kijinga, kiasi kwamba akikosea hesabu na mimi nilikosea ili asione aibu peke yake.

Siku hizo mashine za kuchapa katika mji huu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Desturi ilikuwa hivi: unapeleka kazi yako ya mkono, unaiacha yote, unaandikwa kwenye mstari, unarudi baada ya wiki mbili au tatu. Hakuna aliyenakili mara mbili, karatasi ilikuwa ghali na mikono ilikuwa imechoka. Wote tulifanya hivyo, na wote tuliona ni kawaida. Rigobert akaniambia:

"Bon, leta, ma sœur. Mi niko na cousin kule. Utapita mbele ya batu bote."

Nikampa. Kurasa sitini na tisa, nimezifunga kwa utepe wa nywele zangu.

Kila nilipouliza, mashine iko na panne, imeharibika. Mara jenereta haina mafuta, mara binamu amesafiri Banalia kwa msiba. Mwezi wa saba yeye akatetea kazi yake mbele ya juri. Sikuingia kumsikiliza kwa sababu asubuhi ile nilikuwa bandarini nikimtafutia samaki wa sherehe. Nilirudi na samaki mnene wa kushika kwa mikono miwili, nikamkuta ameshatoka na distinction, alama ya juu. Nilimmwagia poda kichwani, kama tunavyomfanyia kila anayefaulu hapa kwetu, nikampaka mpaka masikioni, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Kazi aliyokuwa amesoma mle ndani ilikuwa yangu. Nilimwagia poda mwizi wangu, kwa mkono huu huu unaochapa.

Baadaye aliniletea uso wa huzuni: kazi yangu imepotea kule kwa binamu, nisamehe, Mwavita. Nilimsamehe! Nikakaa na madaftari yangu wiki tatu, nikaandika yote upya, nikaipeleka mwezi wa tisa. Siku ya kutetea, bibi yako alivaa kitenge kipya. Alikuwa amenunua kopo la poda, lile lenye picha ya mtoto mwenye mashavu, na akakaa nalo kwenye benchi nje ya mlango. Ndani, profesa alifungua kazi yangu, akaweka nyingine pembeni yake, akaniuliza kama naona tofauti. Niliiona. Tofauti ilikuwa jina.

Sasa shika hapa, kwa maana kosa la Rigobert ni lake na hili ni langu. Madaftari matatu yalikuwa kwenye mfuko, miguuni pangu. Yalikuwa na tarehe, yalikuwa na alama za dole gumba za wanawake waliokuwa hai, waliokuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale. Ningeinama tu. Badala yake nilipanda juu ya kiti. Nilimwita profesa mwizi na mlezi wa wezi, nikamtaja mama yake, nikawataja wa wenzake, nikasema na mengine ambayo bibi yako aliyasikia kupitia ukutani na hakuwahi kuyarudia mpaka kufa. Walinzi walinishika wawili. Mfuko nilirudishiwa mlangoni, zipu yake imefungwa kama nilivyoifunga asubuhi. Nilifukuzwa kwa makosa mawili, kuiba kazi ya mwenzangu na kutukana juri, na la pili sikuweza kulikana. Bibi yako alinifuata hadi nyumbani na kopo lake mkononi.

Nimerudi kwenye chumba kile kichwani mwangu mara nyingi kuliko ninavyokwenda sokoni. Kila mara ninainama, ninafungua zipu, ninayaweka mezani, ninakaa. Hasira yangu ndiyo ilimlinda Rigobert, na hilo linaniuma zaidi ya wizi wenyewe.

Yeye akapanda. Akawa msaidizi wa profesa, akapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi, akarudi na suti, akachukuliwa Kinshasa. Mimi nikanunua mashine mbovu, nikafungua duka hili mbele ya geti walilonitolea. Watu walidhani ni kwa ajili ya wateja. Ilikuwa kwa ajili ya macho yao. Nilitaka yule profesa anione kila asubuhi akiingia na kila jioni akitoka, na aliniona, miaka kumi na moja, mpaka alipostaafu. Hakuwahi kunisalimia na mimi sikuwahi kukosa kazi.

Kwa hiyo shule yako ninaijua kuliko wanaofundisha. Ni nani asiyepita kwa vidole vyangu? Nimechapa kazi ya usimamizi wa soko la Kisangani ambayo ukurasa wa arobaini bado inasema Bukavu. Nimechapa barua za kuomba kazi za watu mia zenye sentensi moja, kwamba wao ni wenye bidii, wabunifu na wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, na mwenye kuniletea amelala kwenye benchi langu. Nimechapa ripoti za stage za watoto waliotumwa mikate na maji wiki sita, kisha wakanakili ule mchoro wa vyeo uliobandikwa ukutani wakaita utafiti. Wewe pia walikutuma mikate. Lakini ulirudi na daftari limejaa, unaniambia, "Mama, kati ya bureau ya chini na ya juu barua inalala siku ine, na hakuna mutu anajua inalala wapi." Ukaitafuta mpaka ukaipata, kwenye droo ya mtu aliyeacha kazi. Siku ile nilijua wewe ni polisi ya samaki kama mimi. Rigobert alikuchagua kwa sababu hiyo, kwa akili yako, maana jina unalobeba ni la papa yako na halimwambii kitu.

Sasa nikupe lingine ambalo ni baya zaidi, nalo utaniona vibaya. Unamkumbuka Nadège, aliyekuwa anakusuka nywele humu dukani ulipokuwa mdogo? Alikuwa mpwa wa Rigobert. Sikulijua hilo mpaka siku aliponiletea kazi yake ya mwisho na kusema kwa furaha, "Tonton Rigobert ndiye ananilipia." Nilichapa vizuri, ukurasa kwa ukurasa. Kisha nikang'oa majedwali ya sura ya tatu nikaweka ya mwanafunzi mwingine, ya kiwanda cha sabuni, katika kazi inayohusu usafirishaji wa mbao. Nikafunga, nikambandikia jalada zuri. Juri walimcheka, wakamwambia arudie mwaka.

Rigobert hakupata hata mafua. Labda alinung'unika kwenye simu dakika tano. Aliyekuja kukaa kwenye benchi langu akilia ni Nadège. "Mama, sijui nilikosea wapi. Nilisoma yote. Nisaidie." Wewe ukaacha kazi yako ya shule ukamletea maji, ukaniuliza kwa nini Nadège analia, na mimi nikakuambia masomo ni magumu. Mwaka uliofuata nilimchapia upya bure. Alifaulu, na alipotoka na poda kichwani alikuja moja kwa moja hapa, akanikumbatia, akanipaka na mimi usoni, akaniita mama mbele ya watu. Sijawahi kujisikia vibaya hivyo katika maisha yangu, hata siku ya juri. Ni mwalimu Banalia sasa. Nikimaliza barua hii ninaandika yake. Siwezi kungoja Rigobert aseme ukweli wakati wangu nimeukalia. Nadège ataniita mwizi na atakuwa na haki, na ningependa uyasikie kwangu kabla ya kuyasikia kwake.

Usifikiri nimekuambia hayo ili ujue kisasi ni kibaya. Sikujifunza hivyo. Nilijifunza kwamba nilimpiga mtu ambaye si yeye.

Na bado kuna wewe. Ulitaka kuwa muuguzi. Ulikuwa na miaka kumi na saba, ulikwishaanza kupima mapigo ya moyo ya majirani kwa mkono na saa ya papa yako. Ulinipa fomu ya kuandikishwa nikuchapie, na kwenye mstari wa masomo nikaandika biashara na uongozi. Nilikuambia wauguzi wamejaa. Uongo. Nilitaka damu yangu ipite kwenye mlango ule na itoke kwa miguu yake. Miaka mitatu ulisoma kitu nilichokuchagulia kwa ajili ya ugomvi usioujua, na ulikisoma vizuri kuliko mimi. Naomba unisamehe kwa hilo. Kwa mengine sijaomba.

Sasa kitambaa.

Katika kurasa sitini na tisa, ukurasa niliojivunia ulikuwa huo. Niliona bandarini vikapu vingine vimefungwa kitambaa chekundu, na kila mara vilikuwa vya kwanza kuuzwa, kwa bei ya juu, bila mabishano. Nikaandika, kwa majigambo ya mwanafunzi aliyesoma sura mbili za masoko: kitambaa chekundu ni alama ya ubora. Hayo ndiyo maneno anayowaambia vijana kila mwaka akiwa amevaa suti.

Juri walinifukuza, mwaka ukapita, papa yako akanioa, nikakuzaa. Wiki moja baada ya kukuzaa, Mama Botile alibisha hodi. Alikuwa na kikapu kimefungwa kitambaa chekundu, na ndani yake kitenge, sabuni, mafuta ya mtoto na kifurushi cha samaki.

"Hii ilikuwa kikapu yako," akasema. "Tumekuuzishia."

"Na kitambaa? Si iko ya samaki ya qualité?"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

"Qualité gani? Samaki ni moja tu! Ni kikapu ya mwanamuke mwenye amezaa. Yeye iko kwa nyumba, hawezi kupanda boti ya baleinière. Donc tunauzisha yake mbele, yetu nyuma. Na mununuzi mwenye akili, hawezi kubishana bei na mwanamuke mwenye amezaa."

"Miezi mitano nilikaa na nyinyi, Mama Botile! Mbona hamukuniambia?"

"Weye uliuliza bei. Haukuuliza kikapu iko ya nani."

Ulikuwa unanyonya. Nilikulaza, nikatoa daftari la tatu, nikaandika yote kwenye ukurasa wa mwisho uliokuwa mtupu, na Mama Botile akaweka dole gumba. Tarehe ni siku ya saba ya maisha yako. Amekwishafariki, lakini dole lake lipo, limekolea, lina alama ya kovu la kisu.

Unaelewa? Amesimama juu ya kosa langu miaka yote hii. Ameiba hata ujinga wangu, akaupamba, akaulia mshahara, na hajui kwamba ni ujinga kwa sababu hakuwahi kukaa bandarini hata saa moja kwenye harufu ile. Ulipoingia mbio na kandambili mkononi ukanisimulia hadithi yake, nilisikia hasira, ndiyo, lakini chini ya hasira nilisikia njaa, kama mtu aliyenusa chakula.

Papa yako nilimweleza jana. Akasema:

"Mwavita, achana na ule mutu. Iko anakula yake kule. Unataka kutuma mutoto juu ya hasira yako?"

Nilimjibu kwamba mtoto ana miaka ishirini, na kwamba ninachotaka ni kumfungulia mfuko ambao mimi sikuufungua. Hakuridhika. Ni mtu mwema, na mabegi ya watu yamemzoesha kubeba bila kuuliza ya nani. Lakini alinisaidia kupeleka nakala za madaftari wilayani zikapigwe mihuri.

Katika sanduku lako, chini ya nguo za kazini, kuna bahasha ya kahawia. Ni nakala za madaftari yote matatu, kila ukurasa na mhuri. Madaftari yenyewe yanabaki kwangu, na nakala nyingine iko kwa shangazi yako mkubwa, ambaye anafikiri ni karatasi za kiwanja. Mtu asikuambie leta, nitakupitishia. Hata akiwa mzuri. Hasa akiwa mzuri.

Kwa miezi sita usiiguse. Fanya kazi. Mjue kila mtu kwa jina, tafuta barua zinalala wapi, jifunze kutoka kwa Rigobert mwenyewe kila anachokijua kweli, kwa maana mtu hadumu pale kwa wizi mmoja, lazima kuna anachokiweza, na hicho kichukue, tunamdai kidogo. Akikutuma mikate, nenda. Akisimulia kitambaa, tabasamu. Uliniambia mwisho wa stage kila mmoja anasoma ripoti yake mbele ya wakurugenzi, na yeye ndiye anayefunga kikao. Kabla ya siku hiyo, acha asaini. Alama, cheti, mkataba kama unakuja, vyote viwe na sahihi na mhuri, na viwe na nakala nyumbani kwa mtu mwingine. Mimi nilipiga kelele nikiwa mikono mitupu. Wewe utasema kwa upole ukiwa na kila kitu.

Soma ripoti yako. Wakimaliza kupiga makofi, muulize swali moja, kwa heshima yote, ukimwita kwanza Papa Directeur: kikapu chenye kitambaa chekundu kilikuwa cha nani?

Atajibu kuhusu ubora. Mwache amalize, usimkatize. Kisha mwambie kilikuwa cha mwanamke aliyezaa. Mwambie mama yako ndiye aliyeandika kile anachokisema, aliandika na alikosea, na alilirekebisha kosa lake wiki uliyozaliwa. Weka bahasha mezani mbele ya wakurugenzi. Ukae. Usipande kiti, Sifa. Usiwataje mama zao.

Ninajua ninachokuomba. Mkataba wenye sahihi nao huvunjwa, na mtu aliyeaibishwa ana mikono mirefu. Kuna nafasi kwamba utarudi Bangboka na sanduku lako, na itakuwa mara ya pili ninaharibu masomo yako. Kwa hiyo ukiona kule kwamba hutaki, usiulize. Bahasha iteketeze au itumie kuwekea viatu. Sitakulaani na sitakutupa. Nitanuna, nisikudanganye, nitanuna mwaka mzima na utaisikia kwenye simu kila Jumapili. Lakini kazi ni yako, na safari hii fomu jaza mwenyewe.

La mwisho. Mwezi uliopita, ulipotangazwa umefaulu, nilinunua poda mpya. Ukaniuliza kwa nini, wakati chini ya sanduku langu kuna kopo zima lenye picha ya mtoto mwenye mashavu. Nikakujibu limeharibika. Halijaharibika. Ni lile la bibi yako, halijawahi kufunguliwa, na siwezi kukupaka wewe poda iliyonunuliwa kwa ajili yangu.

Ukiamua kuuliza, siku hiyo nipigie kabla hujasimama, uiache simu wazi juu ya meza, usiniambie neno. Nitakuwa hapa dukani, mbao zote za mlango nimefunga, kopo magotini. Sitaki hongera na sitaki kusimuliwa baadaye. Nataka kumsikia anavyotafuta jibu na halipo. Nataka kusikia kiti chake kikilia, na mtu akikohoa, na yeye akinyamaza. Akinyamaza hivyo nitalifungua kopo la mama yangu na kujimwagia kichwani lote, mpaka litoke tupu.

Mama yako,
Mwavita, aliyeandika kurasa sitini na tisa